Kufungua faili kwenye edita yako ukiwa ndani ya teminali (code, subl, gedit, open, notepad)

Hii ni kwa wale wanaotumia teminali (lile dirisha la kuandikia amri) kidogo kidogo, yaani mtu anaingia kufanya git pull (git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi, pull ni kuvuta yaliyo mapya) au kuendesha skripti fulani, sasa akitaka kurekebisha faili moja anaiacha teminali pale ilipo, anakwenda kwenye ikoni ya VS Code (edita yake, yaani programu ya kuandikia na kurekebisha faili), anafungua menyu ya File, anaanza kupanda na kushuka kwenye mafolda, Desktop, kazi, wateja, mpaka afike kulekule ambako teminali imekaa tangu asubuhi. Kazi mara mbili bila sababu. Upande wa pili kuna wale walioambiwa kwamba ukiwa teminali ni lazima utumie vim (edita ya humohumo ndani ya teminali, isiyo na dirisha lake), wakajaribu, wakakwama humo ndani wasijue pa kutokea (ni Esc, kisha andika :q! halafu Enter, hilo tulimalize hapahapa), tangu siku hiyo hawataki tena kusikia habari za teminali.

Sasa edita yako ileile ya kawaida yenye dirisha na menyu na rangi zake inaitwa kutoka teminali kwa neno moja tu na jina la faili mbele yake. Kinachowasumbua watu si hiyo amri, amri ni fupi mno, kinachosumbua ni mambo matatu manne yanayoizunguka: teminali haijui edita iko wapi, jina la faili lina nafasi au alama ya ajabu, au git haisubiri umalize kuandika. Kwa hiyo amri nitazipitia haraka, nitakaa zaidi kwenye hayo.

Kwanza jua umesimama wapi

Teminali muda wote imesimama ndani ya folda moja. Ukiandika jina la faili tupu inalitafuta kwenye folda hiyo tu, haizunguki kompyuta nzima kukutafutia. Kwenye Mac na Linux unaangalia hivi:

```
pwd
ls
```

pwd inakuambia folda uliyomo, ls inakuorodheshea vilivyomo. Kwenye cmd, ile teminali ya zamani ya Windows, andika `cd` peke yake, inakuonyesha ulipo, na `dir` ndiyo orodha. Kama faili unalolitaka halionekani kwenye orodha basi ingia kwanza kwa cd kwenye folda yake, au taja njia nzima mpaka kwenye faili. Nalisema hili kwa sababu VS Code ukiiambia ifungue faili ambalo halipo haikugombezi, inakufungulia ukurasa mtupu wenye jina hilo, na mtu anabaki anajiuliza kazi yake yote imekwenda wapi wakati kazi iko salama salmini kwenye folda nyingine.

VS Code: amri ni code

```
code bei.php
code .
```

Ya kwanza inafungua faili moja. Ya pili, yenye nukta, inafungua folda nzima uliyomo, na kwa kweli ukikariri hiyo moja tu umeshapata nusu ya faida ya somo hili, maana nukta kwenye teminali maana yake ni "hapahapa nilipo".

Ukiweka VS Code kwenye Linux, iwe kwa deb, rpm au snap (aina za vifurushi vya programu za Linux), amri ya code inakuja nayo. Kwenye Windows nayo ipo ila wakati wa kuinstoli kuna kiboksi cha Add to PATH (PATH naieleza chini kidogo), kimeshawekwa tiki tayari, usikitoe. Halafu kama teminali ilikuwa wazi wakati unainstoli, ifunge uifungue upya, kwa sababu orodha ya njia inasomwa pale teminali inapoanza na si baada ya hapo.

Mac ndiyo inayoleta maneno. Umeshusha VS Code, inafunguka vizuri kwa kukliki, ukienda teminali unakutana na hii:

```
zsh: command not found: code
```

Haijaharibika. Fungua VS Code yenyewe, bonyeza Cmd+Shift+P, andika neno `shell command`, kwenye orodha itakayoshuka chagua ile isemayo `Shell Command: Install 'code' command in PATH`. Itakuomba pasiwadi, weka, fungua teminali mpya, imekwisha. Lakini kabla hujafanya hivyo hakikisha programu umeshaihamisha kutoka Downloads kwenda Applications. Wengi wanaiendesha ikiwa bado iko Downloads, na Mac programu za namna hiyo huziendesha kutoka mahali pa muda pa kujificha, kwa hiyo amri inafanya kazi leo, ukizima na kuwasha kompyuta imepotea.

Kama hiyo menyu inakukatalia kuna njia ya mkono. Weka mstari huu kwenye faili la `.zshrc` lililo ndani ya folda yako ya nyumbani (zsh, yaani programu inayosoma amri zako ndani ya teminali, ndiyo ya kawaida kwenye Mac tangu Catalina ya 2019, kama yako ni ya zamani inayotumia bash basi weka kwenye `.bash_profile`):

```
export PATH="$PATH:/Applications/Visual Studio Code.app/Contents/Resources/app/bin"
```

Hizo alama za kunukuu usiziache, jina la folda lina nafasi ndani yake.

Na hapa nieleze PATH ni kitu gani maana kila mahali utaambiwa "weka kwenye PATH" bila maelezo. Ni orodha tu ya mafolda. Ukiandika code, teminali inapita folda moja baada ya nyingine kwenye hiyo orodha ikitafuta programu inayoitwa code, ikiikuta inaiendesha, ikimaliza orodha bila kuikuta inakuambia command not found. Haitafuti mahali pengine popote. Ukitaka kuiona orodha yako andika `echo $PATH`, ukitaka kujua code inatoka folda ipi andika `which code`. Kwenye cmd ni `where code`, ila kwenye PowerShell, teminali mpya zaidi ya Windows, lazima uandike `where.exe code` na hiyo .exe yake, kwa sababu humo where peke yake ni amri nyingine kabisa, itanyamaza tu kama haijakusikia.

Sublime, gedit, Kate na wenzao

Sublime Text amri yake ni `subl`. Kwenye Mac unaitengenezea njia ya mkato wewe mwenyewe (neno sudo maana yake endesha amri hii kwa ruhusa za mkuu wa mfumo):

```
sudo ln -s "/Applications/Sublime Text.app/Contents/SharedSupport/bin/subl" /usr/local/bin/subl
```

Ikilalamika kwamba folda ya /usr/local/bin haipo, itengeneze kwanza kwa `sudo mkdir -p /usr/local/bin`.

Kwenye Linux inategemea umeweka mazingira gani ya madirisha. GNOME ya zamani ni `gedit`, lakini kuanzia GNOME 42 ya mwaka 2022 edita ya kawaida ni nyingine, inaitwa `gnome-text-editor`, ndiyo maana watu wa Ubuntu mpya wakifuata maelekezo ya zamani wanaambiwa gedit haipo. KDE ni `kate`, Linux Mint ni `xed`, Xfce ni `mousepad`. Na kama hujui kompyuta uliyokalia ina ipi, andika `xdg-open bei.txt`, italifungua na programu ileile ambayo ungeipata kwa kukliki mara mbili.

Sasa gedit ina tabia moja ambayo code haina. Ukiandika `gedit bei.txt` dirisha linafunguka vizuri lakini teminali inaganda, huwezi kuandika amri nyingine mpaka ufunge edita, na humo ndani vinatiririka vionyo vya Gtk (maktaba inayochora dirisha la gedit) ambavyo vinamtisha mtu bure, si kosa lako na faili halina tatizo. Dawa ni alama ya & mwishoni:

```
gedit bei.txt &
```

Teminali inarudi kwako palepale. Lakini bado gedit ni mtoto wa hiyo teminali, ukifunga dirisha la teminali kwa ile X ya pembeni edita nayo inaweza ikaondoka na maandishi ambayo hujasevu. Ukitaka iishi maisha yake yenyewe:

```
setsid gedit bei.txt 2>/dev/null
```

setsid inaitenga na teminali, na hicho kipande cha mwisho kinatupa vile vionyo. Ndefu, najua, utaifupisha baadaye kwa jina la mkato. Code haina shida hii kwa sababu unachokiita teminali si edita yenyewe bali ni skripti ndogo inayoipigia edita kelele "fungua hili" halafu inaondoka zake.

Mac bila kuinstoli kitu

Mac ina amri yake inaitwa open na inatosha kabisa kama huna edita maalumu:

```
open -e bei.txt
open -t bei.txt
open -a "Sublime Text" bei.txt
open .
```

-e inafungua TextEdit. -t inafungua edita yoyote uliyoichagua kuwa ya kawaida kwa maandishi. -a unataja programu unayoitaka kwa jina lake, na hii ndiyo naipenda kwa sababu haihitaji mambo ya PATH hata kidogo, jina la programu tu. Ya mwisho inafungua folda kwenye Finder. Tofauti na code, open haifungui faili ambalo halipo, itakuambia halipo, kwa hiyo kama ni faili jipya anza na `touch bei.txt` ndipo ulifungue. Na TextEdit kwa mtu anayeandika kodi sikushauri, inapenda kugeuza alama za kunukuu za kawaida kuwa zile zilizopinda, skripti yako inakufa na macho hayaoni kwa nini.

Windows

```
notepad bei.txt
start bei.txt
start notepad++ bei.txt
start .
```

notepad ikikuta faili halipo inakuuliza kama ulitengeneze. start inafungua na programu ya kawaida ya aina hiyo ya faili. Notepad++ kwa kawaida haimo kwenye PATH lakini ukiiita kupitia start inapatikana kwa sababu ilijisajili kwenye Windows wakati wa kuinstoli, na kwenye PowerShell hivyohivyo. `start .` inafungua folda.

Kuna mtego mmoja wa cmd unaochekesha. Ukiandika:

```
start "ripoti ya mwezi.txt"
```

badala ya ripoti unapata dirisha jipya jeusi la cmd limeandikwa juu yake "ripoti ya mwezi.txt". Hiyo ni kwa sababu start ikikuta kitu cha kwanza kiko ndani ya alama za kunukuu inadhani ndicho kichwa cha dirisha. Basi unaipa kichwa kitupu kwanza:

```
start "" "ripoti ya mwezi.txt"
```

Kwenye PowerShell mtego huu haupo.

Majina ya faili, hapa ndipo penye kazi

Sisi majina yetu ya faili yana "ya" na "wa" na "kwa" kila mahali, mtu hawezi kuita faili ripoti akaishia hapo, lazima iwe ripoti ya mwezi wa tatu. Teminali nafasi kwake ni mpaka, kila neno linahesabiwa kitu chake. Kwa hiyo ukiandika

```
code ripoti ya mwezi.txt
```

VS Code inafungua vichupo vitatu: kimoja kinaitwa `ripoti`, cha pili `ya`, cha tatu `mwezi.txt`, vyote vitupu, hakuna hata kimoja kilicho kwenye diski mpaka usevu. Na ole wako ubonyeze Ctrl+S, unabaki na faili linaloitwa `ya` humo kwenye mradi. Njia sahihi ni alama za kunukuu, au mkwaju wa nyuma kabla ya kila nafasi kwa bash na zsh:

```
code "ripoti ya mwezi.txt"
code ripoti\ ya\ mwezi.txt
```

Ila mtu hana haja ya kuandika yote hayo. Andika `code rip` halafu bonyeza Tab, teminali inamalizia jina na inaweka hizo alama yenyewe. Kama kuna mafaili mawili yanaanza na rip, itamalizia mpaka pale yanapoachana, bonyeza Tab tena uone orodha. Mimi kila jina la faili naliandika herufi tatu na Tab, na faida yake kubwa si uvivu, faida ni kwamba Tab ikikataa kumalizia ujue faili halipo hapo ulipo, umeshajua tatizo kabla hata hujabonyeza Enter.

Kitu kingine ambacho maelekezo ya Wazungu hayatakuambia ni ng'. Una faili linaitwa ng'ombe.txt, au nyang'anyi, au orodha ya ng'ambo. Unaandika:

```
code ng'ombe.txt
```

Unabonyeza Enter, hakuna kinachofunguka, chini yake inatokea alama ya `>` tu (kwenye zsh utaona `quote>`, kwenye PowerShell ni `>>`), unabonyeza Enter tena, inatokea nyingine, na nyingine. Teminali haijaganda. Hiyo ritifaa ya ng' kwake ni alama ya kufungua nukuu, inakusubiri uje uifunge. Toka kwa Ctrl+C, halafu andika hivi:

```
code "ng'ombe.txt"
```

Nje weka alama mbili, ndani ritifaa inatulia. Ndivyo hivyohivyo ukitafuta neno kwa grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili), `grep "ng'ombe" *.txt` inakubali, `grep 'ng'ombe' *.txt` inakusubirisha. cmd ya zamani ya Windows haina neno na ritifaa, inapita tu.

Na kuna toleo baya zaidi la tatizo hilo. Faili lililotengenezwa kwenye simu au jina lililokopiwa kutoka Word mara nyingi ritifaa yake ni ile iliyopinda ’ na si hii ya kibodi '. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo unaandika `code "ng'ombe.txt"` umefuata sheria zote, VS Code inakufungulia ukurasa mtupu kwa sababu faili la jina hilo halipo, lililopo ni ng’ombe.txt. Hapo usibishane nayo, andika `code ng` kisha Tab ukamilishiwe, na ukishalifungua ulibadilishe jina liwe ngombe.txt kwa mv au kwa kukliki, Kiswahili fasaha kibaki ndani ya faili.

Mabano nayo. Ukishusha faili moja mara mbili kivinjari kinakupa `ankara (1).csv`, bash ikiona mabano bila alama za kunukuu inaleta eroo ya syntax error. Dawa ni ileile, nukuu au Tab.

Kufika moja kwa moja kwenye mstari

PHP imekuambia kuna kosa mstari wa 214. Hakuna haja ya kufungua na kushuka chini kwa kuhesabu:

```
code -g bei.php:214
subl bei.php:214
gedit +214 bei.php
kate -l 214 bei.php
start notepad++ -n214 bei.php
```

Kwa code hiyo -g ni ya lazima, ukiisahau itafungua faili jipya linaloitwa `bei.php:214`, kituko. Ukiongeza nukta mbili na namba nyingine, `bei.php:214:9`, inakupeleka mpaka herufi ya tisa ya mstari huo.

Swichi nyingine za code ambazo kwa kweli hutumika: -n inafungua dirisha jipya, -r inalazimisha dirisha lililopo litumike (nzuri ukifanya `code -r .` na hutaki madirisha kumi), na -d inaweka mafaili mawili ubavu kwa ubavu ikionyesha tofauti zao kwa rangi, `code -d bei-ya-zamani.php bei.php`. Hiyo ya mwisho peke yake imewaokoa wengi wanaoletewa faili na mwenzao wakaambiwa "nimebadilisha kidogo tu".

Mafaili mengi kwa mpigo

`code *.html` inafungua yote yanayoishia na html. Tamu zaidi ni kuiambia ifungue yale tu yenye neno fulani ndani, mfano namba ya simu ya zamani ya ofisi imetapakaa kwenye mradi mzima:

```
grep -rl --null "0222" . | xargs -0 code
```

grep inatafuta, -l inataka majina ya faili tu, xargs inayakabidhi majina hayo kwa code, --null na -0 zinafanya majina yenye nafasi yasikatwe vipandevipande. Kabla ya kuiendesha angalia kwanza yako mangapi kwa `grep -rl "0222" . | wc -l`, maana kama folda la node_modules (lile lenye maelfu ya mafaili ya JavaScript) limo humo leptopu yako utaisikia ikihema.

Kwa watu wa git, `code $(git diff --name-only HEAD)` inakurudishia mafaili yote ambayo git inayafuatilia, uliyoyabadilisha na hujayakomiti (kuyahifadhi kwenye historia ya git) bado. Iendeshe ukiwa kwenye folda kuu ya mradi, kwa sababu majina inayotoa git yanahesabiwa kuanzia hapo.

Unaweza pia kutupia edita matokeo ya amri badala ya faili. `git log --oneline | code -` inaweka historia yote kwenye VS Code ambako unaweza kutafuta na kukopi vizuri, kile kistari cha mwisho maana yake soma kinachokuja kwenye bomba, yaani ile alama ya |. Mac bila VS Code ni `git log --oneline | open -f`, inatua TextEdit.

Git na --wait

Umechoka na git kukufungulia vim kila ukikomiti, ukasoma mahali kwamba unaweza kuweka VS Code, ukaweka:

```
git config --global core.editor "code"
```

Ukikomiti, VS Code inafunguka, na kabla hujaandika hata herufi moja teminali inasema `Aborting commit due to empty commit message.` Kumbuka nilivyosema juu, code inapiga kelele na kuondoka. Git inaona imeondoka, inadhani umemaliza, inasoma ujumbe, mtupu, inaghairi. Inatakiwa iambiwe isubiri:

```
git config --global core.editor "code --wait"
```

Sasa andika ujumbe, sevu, halafu funga kile kichupo. Kufunga ndiko kunakoiambia git endelea, kusevu peke yake hakutoshi, na ukisahau kufunga teminali itakaa inasema inasubiri edita mpaka kesho. Sublime nayo ni `subl -n -w`, gedit ni `gedit --wait`, hadithi ni moja.

Ukitaka programu nyingine zote za teminali zitumie edita hiyohiyo, weka kwenye `.bashrc` au `.zshrc`:

```
export EDITOR="code --wait"
export VISUAL="$EDITOR"
alias e="code"
alias g="setsid gedit 2>/dev/null"
```

Hizo mbili za chini ni majina ya mkato niliyoyaahidi, sasa `e bei.php` inatosha. Fungua teminali mpya au andika `source ~/.bashrc` (au `source ~/.zshrc` kama ndiko ulikoziweka) ndipo zianze kufanya kazi.

Faili la mfumo linalotaka sudo

Unataka kurekebisha /etc/hosts, unaandika `sudo code /etc/hosts`, kwenye Linux VS Code inakukatalia inasema haishauriwi kuiendesha kama mkuu wa mfumo. Iko sahihi, usiilazimishe, edita nzima na viongezo vyake vyote kuipa ruhusa za root (huyo mkuu wa mfumo) kwa ajili ya mstari mmoja si busara, na mafaili ya mipangilio yako yanaweza yakaishia kumilikiwa na root halafu kesho edita inagoma kusevu. Njia ni sudoedit:

```
SUDO_EDITOR="code --wait" sudoedit /etc/hosts
```

Inatengeneza nakala ya muda, unaihariri kwa ruhusa zako za kawaida, ukisevu na kufunga kichupo ndipo sudo inairudisha mahali pake. Vinginevyo fungua tu `code /etc/hosts` bila sudo, ukisevu VS Code yenyewe itakuletea kitufe cha Retry as Sudo.

WSL na seva ya mbali

Ukiwa ndani ya WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, `code .` inafanya kazi, mara ya kwanza inashusha kipande chake kidogo kwa hiyo uwe na bando, baada ya hapo inafungua VS Code ya Windows ikiwa imeungwa na Linux yako. `notepad.exe bei.txt` na `explorer.exe .` nazo zinakubali, lakini lazima uandike .exe, bila hiyo Linux inatafuta programu ya kwake na haioni.

Ukiingia kwenye seva kwa ssh (njia ya kuendesha amri kwenye kompyuta ya mbali) ni habari nyingine. Hapo teminali iko mezani kwako lakini amri zinaendeshwa kule, na kule hakuna VS Code wala dirisha la kufungua, ndiyo maana code inajibiwa command not found hata kama kwenye leptopu yako ipo. Ukitaka edita yako ya dirisha ifungue mafaili ya seva, weka kiongezo cha Remote - SSH kwenye VS Code, unganisha kutokea humo, kisha fungua teminali ya ndani ya VS Code kwa Ctrl na kile kitufe cha ` kilicho juu ya Tab. Ukiandika `code bei.php` kwenye teminali hiyo, faili la seva linafunguka kwenye dirisha lako. Kama seva ina RAM ndogo sana achana na mpango huu, kile kipande kinachowekwa kule kinakula, tumia nano tu, edita ndogo ya ndani ya teminali: Ctrl+O na Enter kusevu, Ctrl+X kutoka.